Mwale umehama, sumaku inachemka: kutafuta hitilafu katika sumaku za njia ya kusafirisha chembe

Mwale wa chembe ukipotea njiani kati ya kichapuzi, yaani mashine inayozipa chembe kasi, na shabaha, wa kwanza kushtakiwa ni aliyesanifu sumaku. Mara nyingi hana hatia. Malalamiko ya aina hii ukiyafuatilia hadi mwisho huishia kwenye maji, kwenye kebo zilizofunguliwa na kufungwa upya, kwenye tabia ya chuma ya kukumbuka yaliyopita, au kwa mtu aliyegonga stendi kwa toroli akanyamaza. Makosa ya usanifu yapo, lakini yana alama yake: yalikuwapo tangu siku ya kwanza, na yanajirudia vilevile kila unapowasha. Kilichofanya kazi vizuri jana na leo kimegoma hakikuharibiwa na mchoro wa miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza anayelalamika kuna nini, mwulize tangu lini.

Yanayofuata yanahusu sumaku za kawaida za chuma na koili za shaba zinazopozwa kwa maji: dipoli zinazopinda mwale, kwadrupoli zinazoukusanya kama lensi, na zile ndogo za kusahihisha njia. Sumaku za upitishaji mkuu, zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika, zina watu wake.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote

Koili kubwa ni ghala la nishati. Koili yenye induktansi ya henri 0.1 ikibeba ampea 500 imehifadhi jouli 12,500. Ukifungua kiungo chake mkondo ungali unapita, nishati hiyo yote itatokea pale ulipofungua, kwa mfumo wa cheche ndefu, na mkono wako ndio utakuwa karibu zaidi. Zima pawa saplai, funga swichi kuu kwa kufuli lako mwenyewe, tundika kibao, subiri, kisha pima kwenye vituo vya sumaku, pale kebo zinapofungwa, uhakikishe ni sifuri. Usiamini skrini ya chumba cha udhibiti. Skrini inaonyesha kilichoamriwa au kilichosomwa mahali pengine. Haijui kilicho mbele yako.

Mwenye kifaa cha kusaidia moyo asikaribie eneo lenye uga wa sumaku unaozidi militesla 0.5. Spana na bisibisi za chuma ziachwe nje sumaku ikiwa imewashwa. Na kama njia imekuwa ikipitisha mwale, vyuma vilivyo karibu na mahali chembe zinapopotea vinaweza kuwa na mionzi hata baada ya kuzima. Asiingie mtu kabla afisa wa usalama wa mionzi hajapima na kuruhusu. Hili halina “nachungulia mara moja tu”.

“Mwale umehama, na hakuna aliyegusa kitu”

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na sehemu ya pili ya sentensi huwa si kweli.

Sababu ya kwanza ni kumbukumbu ya chuma, yaani histeresisi. Mtu alipandisha mkondo hadi ampea 420 kwa jaribio, akaurudisha hadi 400, akaondoka. Zile 400 za kushuka hazitoi uga sawa na 400 za kupanda. Ukubwa wa tatizo unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua chuma chenye nguvu ya kung’ang’ania usumaku ya ampea 80 kwa mita, njia ya uga ndani ya chuma ikiwa na urefu wa mita 1, na mwanya kati ya ncha za sumaku wa milimita 50. Uga unaobaki mwanyani mkondo ukiwa sifuri ni kama militesla 2. Dipoli hiyo ikifanya kazi kwenye tesla 0.5, militesla 2 ni 0.4%. Ikiwa inapinda mwale kwa digrii 45, kosa hilo linafikia miliradiani 3, na mita 10 mbele mwale uko sentimita 3 nje ya mahali pake. Hakuna kilichoharibika. Nguvu zikiwa ndogo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu militesla 2 zilezile sasa zinashindana na uga mdogo.

Jaribio lake halina gharama: zungusha mkondo wa sumaku zote za njia. Zipandishe hadi kiwango cha juu kilichokubaliwa, zishushe hadi sifuri au kiwango cha chini kilichokubaliwa, mara tatu au nne, kwa mwendo uleule wa kupanda na kushuka, kisha ufikie thamani ya kazi daima kutoka upande uleule. Mwale ukirudi mahali pake, umemaliza. Andika utaratibu huo ubandikwe ukutani, maana zamu inayofuata itausahau.

Ukizungusha na mwale usirudi, shuku mkondo wenyewe. Pima kwa kifaa kisichohusiana na pawa saplai. Kipimo cha ndani kikizeeka au kikipata joto huidanganya pawa saplai, nayo inawadanganya nyinyi kwa nia njema kabisa.

Sababu ya tatu ni kwamba sumaku iko sawa, ila nishati ya mwale ndiyo iliyobadilika. Hili hulifukuzia watu siku nzima kwenye sumaku bure. Dipoli hutawanya chembe kulingana na momentamu zao. Mahali ambapo mtawanyo ni mita 2, badiliko la momentamu la 0.1% husogeza mwale milimita 2. Mahali ambapo mtawanyo ni sifuri, badiliko hilohilo halisogezi kitu. Basi angalia skrini mbili zinazoonyesha doa la mwale, moja mahali pa kila aina. Doa likihama kwenye ile yenye mtawanyo tu, wapigie simu watu wa kichapuzi, uache sumaku zipumzike.

Likihama kila mahali, na hasa kama uhamaji unaanzia baada ya kwadrupoli fulani, shuku kwadrupoli iliyosogea. Kwadrupoli isiyopitiwa katikati hupinda mwale kama dipoli ndogo, na pembe ya kupinda ni umbali wa kusogea ukigawanywa kwa urefu wa fokasi. Imesogea milimita 0.2, fokasi ni mita 2: pembe ni miliradiani 0.1, na mita 10 mbele mwale umekwenda pembeni milimita 1. Ili kujua ni ipi, badilisha mkondo wa kwadrupoli moja moja kwa asilimia tano hivi, juu na chini, huku ukitazama doa mbele. Inayosukuma doa pembeni ndiyo isiyopitiwa katikati. Ile ambayo doa linapanuka na kusinyaa palepale lilipo, iko mahali pake. Kisha mwite mpimaji wa mipangilio, kwa sababu jaribio hili halisemi kama aliyesogea ni kwadrupoli au ni mwale uliotoka vibaya huko nyuma. Usilegeze bolti za stendi mwenyewe “kuirudisha kidogo”.

Kama njia yenu ina sumaku za kudumu, ulizeni halijoto ya ukumbi. Neodimiamu hupoteza takriban 0.1% ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kiyoyozi kikizimika na joto likapanda nyuzi 5, umepoteza nusu asilimia, ambayo ni nyingi mno kwa mwale. Samariamu-kobalti ni mstahimilivu zaidi, kwa joto na kwa mionzi pia.

Zikibaki sababu za mbali, zipo kweli. Mwaka 1995, wahandisi wa LEP, kichapuzi cha umbo la pete katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, waliona uga wa dipoli ukirukaruka mchana na kutulia usiku wa manane. Ulikuwa umeme wa treni: mkondo uliovuja kutoka relini ulipita ardhini, ukaingia kwenye bomba la ombwe la pete, lile lisilo na hewa ambalo mwale hupita ndani yake, na kuugusa uga wa sumaku. Ila usianze na treni.

“Doa limerefuka, halikusanyiki”

Kama jana lilikuwa duara zuri na katikati palifanyika matengenezo, anza na mwelekeo wa mkondo. Kwadrupoli inayokusanya kwa mlalo hutawanya kwa wima, hivyo ukibadilishana kebo mbili lensi yako inageuka kuwa kinyume chake bila kengele yoyote kulia. Mkondo ni ule ule, volteji ni ile ile, joto ni lile lile. Pawa saplai inaona kila kitu ni salama. Kosa ndugu yake ni kebo za kwadrupoli mbili jirani zilizobadilishana pawa saplai. Hapo unapandisha namba 3 na namba 4 ndiyo inayoitika.

Ukaguzi: kwa mkondo mdogo sana, pitisha dira au kipima-uga cha Hall mbele ya kila ncha, zote nne, ukiandika kaskazini au kusini. Zinatakiwa kupishana. Zikija kaskazini, kusini, kaskazini, kaskazini, koili moja imeunganishwa kinyume, na utakuwa umeona pia mwale ukirushwa pembeni kwa nguvu. Fanya hivi hata kama fundi aliyefunga kebo ni mwangalifu kuliko wote. Ni kazi ya dakika kumi.

Kama mielekeo iko sawa, linganisha volteji ya kila koili (nitarudi kwenye shoti hapo chini), halafu angalia kama njia iko wazi. Mwaka 1996 mwale wa LEP ulikataa kuzunguka, ukipotea kila mara karibu na kwadrupoli moja. Bomba la ombwe lilipofunguliwa, ndani zilikutwa chupa mbili za bia. Hakuna marekebisho ya mkondo ambayo yangeliondoa tatizo lile.

Sasa, kama doa *halijawahi* kukusanyika tangu njia ijengwe, ndipo msanifu aitwe. Kosa la kawaida kuliko yote ni la urefu. Uga hauishii pale chuma kinapoishia. Humwagika nje kwenye miisho. Urefu ambao mwale unauhisi ni urefu wa chuma na nyongeza: kwa kwadrupoli nyongeza hiyo, ukijumlisha miisho yote miwili, ni karibu sawa na nusu-kipenyo cha tundu lake, na kwa dipoli ni karibu sawa na kimo cha mwanya. Kwadrupoli ya chuma cha milimita 200 yenye nusu-kipenyo cha milimita 40 inafanya kazi kama ya milimita 240. Aliyeingiza 200 kwenye programu ya kukokotoa njia ameipa lensi yake nguvu ya ziada ya 20% bila kujua, na hakuna fundi atakayeikuta hitilafu hiyo kwa multimita. Kanuni hii ya nyongeza ni ya makadirio. Thamani ya kweli hutoka kwenye upimaji wa uga au mahesabu ya vipimo vitatu, ambayo huonyesha pia jinsi miisho ilivyokatwa mshazari inavyobadilisha hesabu.

Ndugu wa kosa hilo ni ujirani. Sumaku ya kusahihisha iliyobanwa karibu sana na chuma cha kwadrupoli hupoteza sehemu ya uga wake, kwa sababu chuma cha jirani kinaunyonya ule uliomwagika. Ilipimwa peke yake karakanani ikatoa thamani nzuri. Imefungwa kwenye njia imepungukiwa. Dawa ni kuipima upya ikiwa na jirani yake, au kuweka kati yao nafasi ya mara kadhaa ya kimo cha mwanya, kama bado kuna nafasi. Mara nyingi haipo.

“Doa lina pembe tatu” au “lina mkia”

Doa lenye umbo la pembe tatu linanong’ona sekstupoli, yaani uga usiotakiwa uliochanganyika na ule wa kazi. Swali la kwanza: je, mwale ni mpana au umekwenda mbali na katikati? Sumaku husanifiwa iwe na uga safi katika sehemu ya tundu tu. Ukipita nje ya hapo, unalipia.

Swali la pili ni kama sumaku ilifunguliwa hivi karibuni kuingiza bomba la ombwe. Kipande cha uchafu chenye unene wa milimita 0.1 kikinaswa kati ya nusu ya juu na ya chini, dipoli yenye mwanya wa milimita 50 imepoteza 0.2% ya uga au zaidi, na kama kimenaswa upande mmoja tu, uga umeinama. Kwa kwadrupoli ni vibaya zaidi, maana ulinganifu wa ncha nne ndio unaoziua hamoniki nyingi, yaani sehemu za uga zisizotakiwa. Kwadrupoli iliyo sawia inaruhusu hamoniki ya 6, ya 10, ya 14. Ukipima ukaikuta ya 3 au ya 4 ikiwa kubwa, hiyo si ya mchoro wa ncha, ni ya ufungaji au ya koili. Kinyume chake, ya 6 ikiwa kubwa katika kila sumaku ya kundi lile, umbo la ncha ndilo lenye kosa, na huyu sasa ni msanifu kweli.

Fungua, safisha nyuso, angalia pini za mwongozo, funga kwa mpangilio wa kukaza uleule. Pitisha pia sumaku ndogo ya mkononi kwenye bomba la ombwe na bolti zilizo karibu, njia ikiwa imezimwa. Chuma cha pua hakitakiwi kuvutwa, lakini mishono ya kulehemu wakati mwingine huvutwa.

“Inajizima baada ya dakika ishirini”

Joto. Hapa kuna sababu nyingi, nazo karibu zote ni za maji.

Shika hesabu moja: kilowati 1 ikichukuliwa na lita 1 ya maji kwa dakika huyapandisha nyuzi 14.3. Koili za miliomu 60 kwa ampea 500 zinatoa kilowati 15 kwa volti 30. Ukitaka maji yapande nyuzi 20 tu, unahitaji karibu lita 11 kwa dakika. Linganisha na kipima mtiririko chako. Kama hazifiki, nenda kwenye vali iliyofunguliwa nusu baada ya matengenezo, kisha filta, kisha hewa iliyonaswa juu ya mzunguko. Kwa mpangilio huo. Vali nusu ni kesi ya kila mwaka.

Kama mtiririko wa jumla unaonekana mzuri na bado sumaku inazimika, usiridhike. Sumaku yenye mizunguko minane ya maji sambamba ikizibwa mmoja hupunguza jumla kwa takriban asilimia 12, kiasi ambacho swichi ya mtiririko hukivumilia, huku koili moja ikiungua kimyakimya. Pima joto la kila tundu la kutokea, kwa kamera ya joto au sensa zilizofungwa juu ya viunganishi, ukiwa mbali na sehemu zenye umeme. Lililo moto kuliko wenzake limepata maji kidogo.

Shaba yenyewe ni kipimajoto. Ukinzani wake hupanda 0.39% kwa nyuzi moja, kwa hiyo volteji ikipanda kutoka 30 hadi 33 kwa mkondo uleule, wastani wa koili umepanda nyuzi 25. Rekodi ya volteji ya miezi kadhaa, ikipanda polepole bila mkondo kubadilika, inakuambia mfereji unaziba kabla swichi ya joto haijakata.

Kinachoziba mara nyingi ni oksidi ya shaba. Maji yaliyosafishwa hula ukuta wa mfereji mahali pamoja na kuitua oksidi pengine, hasa penye kona na viunganishi vyembamba. Mhusika mkuu ni oksijeni iliyoyeyuka. Wengi hudhani kadiri ilivyo chache ndivyo bora, na wanakosea nusu: shaba hutulia maji yakiwa karibu hayana oksijeni kabisa, na hutulia pia yakiwa nayo tele. Katikati ndiko inakolika sana. Mtambo unaovuta hewa kidogo kidogo kupitia tangi lisilofungwa vizuri unakaa palepale pabaya.

Mfereji ukiziba, anza kwa kusukuma maji kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida. Usipofanikiwa, kusafisha kwa asidi kupo, ila ni kazi ya mtaalamu wa kemia ya maji. Asidi ikibaki ndani, au ikisukumiwa kwenye mfereji ulioziba kabisa, unanunua koili mpya.

Inawezekana swichi ya joto ndiyo mbovu. Pima kabla ya kusema hivyo. Niliwahi kukuta swichi iliyoungwa kwa kipande cha waya “kwa muda”, na muda huo ulikuwa umefika miaka. Usiziunge swichi za joto kwa waya ili kumaliza zamu. Hakuna jaribio lenye thamani hiyo.

Na kama imekuwa ikichemka tangu ilipofungwa, mizunguko ya maji ni mirefu mno. Kwa shinikizo lilelile, ukikata mzunguko mmoja kuwa miwili sambamba, jumla ya maji hukaribia mara tatu: kila nusu hupitisha karibu mara moja na nusu ya mzima, na ziko mbili. Ukifanya hivyo angalia mwendo wa maji usipite sana mita 3 kwa sekunde, maana hapo yanaanza kukwangua shaba.

“Pawa saplai inalalamikia uvujaji wa ardhini”

Tazama kwa macho kwanza. Tone la maji chini ya koili, hozi iliyopasuka, kiunganishi chenye ukungu wa kijani, kebo iliyokanyagwa. Kisha soma ubora wa maji. Kichujio cha ayoni kikichoka, maji yanaanza kupitisha umeme na kila sumaku kwenye mzunguko ule italalamika kwa pamoja. Ikiwa moja tu inalalamika, maji si mshukiwa mkuu.

Tenganisha sumaku na kebo zake, tenganisha pia sensa zote, kisha pima insulesheni kati ya koili na chuma kwa volti 500. Usipime pawa saplai ikiwa imeunganishwa. Utaua elektroniki zake. Kama kipimo ni kibaya, kausha mizunguko ya maji kwa hewa safi na upime tena, ili ujue kama uvujaji ulikuwa wa maji ndani ya hozi au wa koili yenyewe. Epoksi, gundi inayohami koili, ikipigwa na mionzi miaka mingi hupasuka na kuingiza unyevu, na hilo halina kiraka.

Shoti kati ya mzunguko mmoja wa waya na mwingine ni mjanja zaidi, kwa sababu kipima insulesheni hakiioni kabisa: koili haijagusa chuma. Dalili yake ni sumaku dhaifu kidogo, au kwadrupoli ambayo katikati yake pamehama. Linganisha volteji ya koili moja moja kwa mkondo mmoja. Koili ya mizunguko 60 ikipoteza mmoja hupungua 1.7%. Tatizo ni kwamba tofauti ya joto ya nyuzi 4 kati ya koili mbili huleta tofauti ileile, kwa hiyo pima zikiwa baridi, kwa mkondo mdogo, maji yakipita. Njia nzuri zaidi ni kupima induktansi ya kila koili kwa mkondo geu wa kilohezi 1 hivi. Iliyo na shoti hujitenga na wenzake waziwazi, kwa sababu mzunguko ulioshotika unakuwa kama transfoma iliyofungwa upande wa pili.

“Mwale unatetemeka”

Uangalie kwa masafa. Hezi 50 au 60 ni umeme wa gridi. 300 au 600 kwenye gridi ya hezi 50 ni mapigo ya pawa saplai za thairista, na hapo filta yake imechoka. Masafa ya chini yasiyolingana na gridi huwa ni mtikisiko: pampu, feni, au maji yanayopiga kelele ndani ya kwadrupoli yenyewe. Zima pampu moja moja kama mnaweza.

Kutulia polepole ni jambo jingine. Sumaku ya chuma kizito kisicho cha bati nyembamba huzalisha mikondo ndani yake kila mkondo wa koili unapobadilika, na uga unaweza kuchelewa sekunde nyingi, hata dakika. Subiri. Aliyeiagiza kwa njia inayobadilisha nishati haraka alipaswa kuagiza ya bati.

“Tunaongeza mkondo, mwale haupindi vya kutosha”

Hapa mara nyingi msanifu ana kesi ya kujibu. Mfano: protoni za MeV 250 zina momentamu ya GeV/c 0.729. Zidisha kwa 3.336 upate ugumu wa mwale, yaani jinsi unavyokataa kupindwa: tesla-mita 2.43. Kuupinda kwa digrii 45 kunahitaji tesla-mita 1.91, kama uga wa tesla 1.5 kwa urefu wa mita 1.27. Kwa mwanya wa milimita 50 hiyo ni karibu ampea-mizunguko 60,000 ikiwa chuma hakidai chochote.

Chuma hudai. Ncha yenye upana wa milimita 200 huonekana kubeba uga wa upana huo, na msanifu aliyeweka miguu miwili ya kurudisha uga ya milimita 120 kila mmoja atapata tesla 1.25 ndani ya miguu, akalala usingizi mnono. Lakini uga uliomwagika pembeni nao unarudi kwa miguu hiyohiyo. Hesabu upana wa ncha na mwanya mmoja kila upande: milimita 300. Sasa miguu ina tesla 1.88, chuma kimeshiba, na kila ampea unayoongeza inaleta uga mdogo kuliko iliyotangulia.

Ukaguzi ni kuchora uga dhidi ya mkondo. Mstari ukipinda kuelekea chini mwishoni, ni mshibo. Ukiwa umenyooka lakini uko chini kuliko ulivyotarajiwa tangu mwanzo, rudi kwenye shoti, mwanya, au kipimo cha mkondo.

Hapa methali ya “dawa ya moto ni moto” itakuponza. Mkondo zaidi wa 10% ni joto zaidi la 21%, kwa faida ndogo ya uga. Dawa halisi ni kuongeza chuma: bamba nene zilizobanwa nje ya miguu, kama nafasi inaruhusu, baada ya kuhesabiwa upya. Au kupunguza mwanya kama bomba la ombwe linaweza kupunguzwa.

Wakati wa kuweka zana chini

Acha papo hapo ukisikia harufu ya epoksi iliyoungua, ukiona maji karibu na vituo vya umeme, ukikuta insulesheni inashuka kila unapopima, au ukihitaji kufungua sumaku ambayo mionzi yake haijapimwa. Acha pia pale bolti za mpangilio zinapohitaji kuguswa.

Kwa sumaku za upitishaji mkuu, usiguse kabisa, hata kiungo kimoja. Septemba 19, 2008, kiungo kimoja kibovu kati ya sumaku mbili za LHC, kichapuzi kikubwa cha CERN, kilishindwa mkondo ukiwa karibu ampea 8,700. Heliamu ilifumuka ndani ya handaki, na sumaku 53 zikalazimika kutolewa na kubadilishwa au kutengenezwa.

Ukimwita mtaalamu, mpe haya mkononi: tarehe ya mwisho sumaku ilipofanya kazi vizuri, kilichoguswa tangu hapo, mkondo na volteji ya kila koili, joto la maji ya kuingia na kutoka kwa kila mzunguko, mpangilio wa kaskazini na kusini wa ncha ulioupima mwenyewe, na kama sumaku zilizungushwa kabla ya kipimo. La mwisho atakuuliza kwanza.